Je, Mkristo wa leo anapaswa kushika Sabato? Tuisome amri mpaka mwisho wake

#1 Kalamu Kavu (mleta mada)

Wakuu, amani iwe kwenu.

Nyuzi za Sabato nimezisoma nyingi na zote huishia pale pale. Zinaanza na Jumamosi au Jumapili, mistari inarushwa kama mawe, kisha mtu anamwambia mwenzake ana chapa ya mnyama na uzi unafungwa. Leo naomba tuingilie mlango mwingine.

Niseme wazi nilipo, asije mtu akadai nimejificha. Naabudu Jumapili. Siamini kwamba Sabato inamfunga Mkristo kama ilivyomfunga Mwisraeli. Lakini utetezi wetu sisi wa Jumapili umenichosha, maana nusu yake hausimami.

Tunasema Sabato "ilihamishiwa" Jumapili. Wapi? Matendo 20:7 wanafunzi wanakusanyika siku ya kwanza kuumega mkate, Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko anasinzia dirishani na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Habari tamu, na onyo kwa wahubiri warefu, ila amri ya kupumzika sioni. 1 Wakorintho 16:2 inasema kila mtu aweke akiba siku ya kwanza. Ufunuo 1:10 inataja siku ya Bwana bila kusema ni ya ngapi. Mwenye andiko jingine alete.

Ninachokubali ni kwamba kukusanyika Jumapili ni kwa zamani mno. Yustino Mfiadini, katikati ya karne ya 2, anaeleza Wakristo walivyokutana siku ya jua (Jumapili), wakasoma maandishi ya mitume na manabii, wakashiriki mkate, wakachangia yatima na wajane. Kwa hiyo ile hadithi kwamba Jumapili aliibuni Konstantino, mfalme wa Roma, tuiache. Alichofanya Konstantino mwaka 321 ni kuamuru mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku hiyo. Wakulima akawaruhusu waendelee na mashamba yao. Ibada ilikuwapo tayari, mapumziko ndiyo yaliyokuja na amri ya dola. Na kuiita Jumapili "Sabato ya Kikristo" kwa uzito wote wa amri ya nne, hilo lilikolea kwa Wapuriti, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa Uingereza, likaingia kwenye tamko la imani liitwalo Ungamo la Westminster miaka ya 1640.

Upande wa pili nao. Ndugu zangu Wasabato, mnaposema amri ni ya milele, mnaikata katikati. Kutoka 31 inasema Sabato ni ishara kati ya Mungu na wana wa Israeli, na anayeivunja auawe. Hesabu 15, mtu aliyekutwa akiokota kuni alipigwa mawe akafa. Nani aliwaruhusu kubaki na siku na kuacha adhabu? Tena mitume walipokaa Yerusalemu kuamua watu wa mataifa washike nini (Matendo 15), waliandika mambo manne: vilivyotolewa kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa na uasherati. Sabato haimo.

Hayo mmeyasikia mara nyingi. Kilichonileta ni hiki.

Amri ya nne imeandikwa mara mbili, na sababu zake hazifanani. Kutoka 20 inasema pumzika kwa kuwa Mungu alipumzika alipomaliza kuumba. Kumbukumbu 5 inasema pumzika kwa kuwa ulikuwa mtumwa Misri ukatolewa. Halafu inataja wa kupumzika mmoja mmoja: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe, punda, mgeni aliye malangoni mwako. (Mke hayumo. Wengine husema yumo ndani ya "wewe". Hilo nawaachia.) Na inaeleza kwa nini: ili mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe.

Sasa tazama nyumbani kwangu. Siku ya ibada anayeamka kwanza ni dada anayetusaidia kazi. Saa kumi na moja alfajiri pasi ipo moto. Sisi tunatoka tumenyooka, yeye anabaki. Wiki iliyopita mahubiri yalikuwa juu ya pumziko ndani ya Kristo, nikaitika Amina kwa sauti, na mikono iliyonyoosha shati nililovaa ilikuwa bado kwenye maji ya vyombo.

Kama mimi nimewekwa huru na siku, yeye je, kawekwa huru na nini? Nawasilisha. Hoja kwa hoja, matusi peleka kwingine.

#2 Nipo Nasoma

Nimetandika mkeka. Najua Siku ya Saba yuko njiani.

#3 Siku ya Saba

Nimefika, na kwa mara ya kwanza mleta mada wa Jumapili ameanza kwa kukiri. Ubarikiwe. Ila una mashimo mawili.

Adhabu. Torati iliamuru kifo kwa mzinzi na kwa anayempiga baba yake au mama yake. Wewe leo humpigi mzinzi mawe, na bado unahubiri "usizini" na "waheshimu baba yako na mama yako". Nani alikuruhusu kubaki na amri na kuacha adhabu? Jibu utakalonipa ndilo langu kwa Sabato.

Matendo 15. Katika yale manne kuua hakumo, wala kuiba, wala kushuhudia uongo. Mitume waliruhusu watu wa mataifa waibe? Soma mstari wa 21: Musa husomwa katika masinagogi kila sabato. Wale watu walikuwa wanakwenda kumsikiliza.

Mengine ni mepesi. Mungu aliibariki siku ya saba katika Mwanzo 2, wakati huo hakuna Myahudi hata mmoja duniani. Mana ilikatika siku ya saba katika Kutoka 16, kabla ya Sinai. Wanawake waliotayarisha manukato ya kumpaka Yesu walistarehe siku ya sabato kama ilivyoamriwa, na Luka anaandika hayo bila kusema walikosea. Yesu mwenyewe alisema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Hakusema kwa ajili ya Mwisraeli.

#4 Kalamu Kavu

Lile la adhabu umenishinda. Nalifuta, nitatafuta hoja bora.

La Matendo 15 bado nalitafuna.

#5 Berea2

Siku ya Saba, umeruka Wakolosai 2:16. Mtu asiwahukumu kwa sababu ya sikukuu, au mwandamo wa mwezi, au sabato. Hayo ni kivuli.

Najua utasema hizo ni sabato za mwaka, zile za Walawi 23. Sasa fungua 1 Mambo ya Nyakati 23:31, kisha Ezekieli 45:17, kisha Hosea 2:11. Utakuta kitu kile kile kikirudi: sikukuu, miandamo ya mwezi, sabato. Vya mwaka, vya mwezi, vya wiki. Paulo kautumia msemo wa manabii. Kama "sabato" pale ni ya mwaka, basi amesema "sikukuu" mara mbili katika pumzi moja.

Na tukiwa wakweli, Mwanzo 2 haina amri. Mungu alipumzika, Adamu hakuambiwa afanye lolote. Ibrahimu hatusomi popote kwamba aliishika.

#6 mzee wa pembeni

Nyie mnasumbuka bure, Kiswahili kilishaamua. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, hesabu mpaka Jumatano ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu, nayo maana yake ni ya tano! Tuna tano mbili ndani ya wiki moja, na ya saba kwetu ni Ijumaa. Mkristo mwenye kufuata kamusi aende kuabudu na Waislamu.

#7 Siku ya Saba

Mzee hapo umenichekesha, ila umegusa jambo la maana. Watu hutuambia siku ya saba ilipotea zamani, hakuna anayejua ni ipi. Si kweli. Mreno anaiita Jumamosi sábado, Mwarabu anaiita siku ya sabt, na Mgiriki mpaka leo anaiita Ijumaa "maandalio". Kalenda ilipobadilishwa mwaka 1582, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Tarehe ziliruka siku kumi, siku za wiki hazikuguswa. Wafaransa walijaribu wiki ya siku kumi baada ya mapinduzi yao, ikawashinda. Wasovieti mwaka 1929 wakaleta wiki ya siku tano, wakahamia sita, mwaka 1940 wakarudi kwenye saba.

Berea2, kwako narudi. Kama miandamo na sabato vyote ni kivuli kilichopita, kwa nini Isaya 66:23 inasema katika mbingu mpya na nchi mpya wote wenye mwili watakuja kuabudu sabato hata sabato?

#8 Berea2

Inasema pia "mwezi mpya hata mwezi mpya". Mwezi mpya unaushika?

#9 Siku ya Saba

Nitakujibu, ngoja.

#10 Baharia

Huku mkingoja, niulize la Samoa.

Visiwa vile vimechezewa na kalenda. Mwaka 1892 walihamia upande wa Marekani wa mstari wa tarehe (ule wa baharini ambako tarehe hubadilika), wakaishi tarehe 4 Julai mara mbili. Mwishoni mwa 2011 wakarudi upande wa Australia kwa sababu za biashara: watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwapo.

Sasa Msabato wa Samoa afanyeje? Akihesabu siku saba tangu Sabato yake ya mwisho, anaangukia siku ambayo serikali inaiita Jumapili. Akifuata jina Jumamosi, kahesabu sita tu. Kanisa lake lilichagua hesabu, kwa hiyo Waadventista wa Samoa leo huabudu Jumapili, kama wenzao wa Tonga walivyofanya miaka mingi. Wengine hawakukubali, wakabaki na Jumamosi yao kando. Dhehebu lililotengana na dunia nzima kwa ajili ya siku, limegawanyika visiwani kwa ajili ya siku hiyo hiyo.

Sisemi kwa kubeza. Dunia ni mviringo, na amri ilitolewa kwa watu waliokuwa na jua moja juu ya kambi moja.

#11 Siku ya Saba

Baharia, hilo nalijua na lilinisumbua. Jibu langu ni kwamba ndugu zetu wa Samoa walihesabu saba, na Mungu aliamuru saba, hakuamuru jina. Anayeishi kaskazini mbali, ambako jua halitui wiki nyingi, naye anapata tabu kujua jioni inaanza lini. Ugumu wa kupima mpaka hauufuti uwanja.

Berea2, mwezi mpya siushiki. Sina jibu zuri.

#12 Katekista

Nimechelewa, nyuzi kama hizi mnafungua usiku.

Nyongeza ya historia. Mmeongea kana kwamba kulikuwa na kambi mbili tu. Sinodi (mkutano wa viongozi wa kanisa) ya Laodikia, karne ya 4, iliweka kanuni ya 29 kuwakataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato. Wafanye kazi siku hiyo, waiheshimu siku ya Bwana. Jiulizeni: mtu hukataza jambo ambalo hakuna anayelifanya? Maana yake Wakristo wengi walikuwa bado wanapumzika Jumamosi. Karne ya 5 mwanahistoria Sokrate wa Konstantinopoli anaandika kwamba karibu makanisa yote huadhimisha mafumbo (yaani ekaristi) siku ya Sabato kila wiki, isipokuwa Aleksandria na Roma.

Na Waafrika wenzetu wa Ethiopia walizishika zote mbili. Wafuasi wa mmonaki Ewostatewos waliteswa na kutengwa kwa ajili ya Jumamosi miaka mingi, mpaka mfalme Zara Yakob alipoitisha mtaguso (baraza la kanisa) wa Debre Mitmaq mwaka 1450 na Sabato ikakubaliwa pamoja na Jumapili. Hawa hawakufundishwa na Mwadventista yeyote. Kanisa la Waadventista liliundwa Marekani mwaka 1863.

Sisi Wakatoliki tunasema Jumapili haiendelezi Sabato, ni siku mpya, ya ufufuko. Lakini tunafundisha pia kuacha kazi zinazozuia ibada na mapumziko. Kalamu Kavu, umesema ibada ni ya zamani na mapumziko ni ya dola. Kwa hoja yako ya mjakazi, dola ilifanya jambo jema, kwa sababu mtumwa wa karne ya 2 alikusanyika alfajiri kisha akarudi kwa bwana wake kufanya kazi kutwa.

#13 Kalamu Kavu

Katekista, hiyo ya mwisho sikuwa nimeiona hivyo. Asante.

#14 Uzima Tele

Bwana asifiwe. Mnajichosha na torati. Waebrania 4:9, imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu. Sabato yangu ni Yesu. Siku zote saba mimi nimepumzika.

#15 Kalamu Kavu

Amina mtumishi. Jana ulitoka kazini saa ngapi?

#16 Uzima Tele

Saa nne usiku.

#17 Kalamu Kavu

Na juzi?

#18 Uzima Tele

Mkuu unanitega. Naongelea pumziko la rohoni.

#19 Kalamu Kavu

Sikutegi, mimi mwenyewe ndivyo ninavyoishi. Nimesoma Warumi 14:5 miaka yote, mmoja aona siku zote kuwa sawasawa. Zangu kweli zimekuwa sawasawa: zote za kazi. Paulo aliandika vile kuzuia watu wasihukumiane. Mimi nimeufanya mstari ule kibali cha kutosimama.

#20 Mama Wawili

Naomba niingie, nimetoka zamu.

Mimi ni muuguzi. Mtoto hachagui siku ya kuzaliwa, hilo nalikubali. Yesu aliponya siku ya sabato, nami nahudumia siku ya sabato. Lakini hili neno "kazi ya rehema inaruhusiwa" limenipata vibaya. Mahali nilipokuwa nafanya kazi zamani nilipangwa siku ya ibada wiki sita mfululizo. Nilipouliza, mkubwa wangu, mzee wa kanisa kabisa, akanijibu kwamba huduma yangu ni ibada tosha. Yeye siku hiyo alikuwa kanisani.

Someni Luka 13 polepole. Yule mama aliyepinda mgongo miaka 18. Mkuu wa sinagogi anawaambia watu kuna siku sita za kufanya kazi, njooni hizo mponywe. Yesu anamjibu: ninyi ng'ombe na punda wenu hamwafungui sabato mkawapeleke kunywa? Huyu mama hakustahili kufunguliwa? Neno analolitumia ni kufungua. Sabato kwa Yesu ni siku ya kufungua watu, na alimwona aliyefungwa akiwa pale pale mbele ya mkutano. Wengine hata kwenye mkutano hawafiki, wako jikoni.

Na hilo la mke kutokuwamo kwenye orodha: aliyeandika alikuwa anasubiri chakula.

#21 Siku ya Saba

Dada Mama Wawili, la mwisho umevuka mpaka. Mengine nakubali.

#22 Mama Wawili

Nisamehe kaka. Ila nikuulize kwa heshima. Mana ilikusanywa maradufu siku ya sita. Kwenu siku ya maandalio, Ijumaa, maradufu hiyo anaipika nani?

#23 Siku ya Saba

Mke wangu.

#24 Siku ya Saba

Na binti yetu mkubwa. Sawa, nimeelewa.

#25 Berea2

Uzi huu umekuwa wa ajabu, kila mtu anakiri. Nami nikiri: nimetumia Wakolosai 2 kuwanyamazisha Wasabato miaka mingi, na mstari wenyewe unasema mtu asiwahukumu. Haunipi mimi ruhusa ya kumhukumu anayeshika. Kama Siku ya Saba anaishika kwa Bwana, Warumi 14:6 imemkubali. Akiniambia nisiposhika sitaokoka, hapo tutapambana.

#26 Siku ya Saba

Sijawahi kukuambia hutaokoka. Nimekuambia unaivunja amri. Tutapambana.

#27 mzee wa pembeni

Afadhali, nilidhani mmeshapatana nikunje mkeka.

#28 Kalamu Kavu

Wakuu, narudi baada ya siku nne.

Nilimwita yule dada tukakaa na mke wangu. Nikamwambia kuanzia sasa ana siku moja kamili kwa wiki, hapigi pasi wala hashiki chombo, mshahara haupungui, achague mwenyewe. Moyoni nilijua atasema Jumapili, nikaanza hata kufikiria atakaa wapi kwenye gari tukienda kanisani.

Akanyamaza. Akauliza kama kweli ni yoyote. Nikamwambia yoyote. Akasema Jumamosi.

Amelelewa Msabato. Ana Biblia na kitabu cha nyimbo chini ya nguo zake, mke wangu ameviona. Yuko kwetu mwaka wa tatu huu na hakuna aliyewahi kumuuliza. Jumamosi hapa nyumbani ndiyo siku ya kufua.

#29 Siku ya Saba

Ndugu yangu.

#30 Mama Wawili

Sasa anafua nani?

#31 Kalamu Kavu

Mimi na mke wangu. Leo ni ya kwanza. Yeye katoka saa mbili kasoro asubuhi, kavaa gauni ambalo sijawahi kuliona. Berea2 na Siku ya Saba endeleeni na mwezi mpya wenu, nitawasoma jioni; mashuka mawili bado yako kwenye beseni na mvua inanyemelea.